Raita si Kachumbari: Uhakiki wa Tafsiri za Jina la Chakula

Wafasiri wengi hudhani kwamba istilahi ngumu ni zile za sheria, za uhandisi na za utabibu, na kwamba majina ya vyakula yaweza kufasiriwa na yeyote aliyewahi kula. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Tutachukua jina moja tu, nalo ni raita, yaani chakula cha Kihindi cha maziwa ya mgando kinacholiwa kando ya wali, mikate na michuzi mikali. Tutazitazama tafsiri zake za Kiswahili, tuzipime moja moja, na mwishoni tutoe pendekezo.

Tafsiri tunazozihakiki ni nne. Zimetoka katika orodha za vyakula, vijitabu vya mapishi na karatasi za mafunzo zilizopita mezani petu kwa ajili ya kusahihishwa. Nazo ni hizi: kachumbari ya maziwa, yogati ya mboga, mchuzi baridi, na saladi ya mtindi. Hatutawataja waliozitunga, kwa kuwa shabaha yetu ni maneno wala si watu. Hata hivyo, haki yataka niseme mapema kwamba ile ya kwanza niliipitisha mimi mwenyewe. Ililetwa katika orodha ya vyakula vya mkutano mmoja, nami nikaitia alama ya kukubali bila ya kumwuliza mtu, kwa sababu ilisomeka vizuri. Waliochapa kadi za mezani waliliona jina hilo kuwa refu, wakalifupisha likabaki kachumbari. Mjumbe mmoja ambaye maziwa humdhuru tumbo alisoma kadi, akaridhika kwamba hamna la kumdhuru. Alipoletewa sahani, wali wote ulikuwa umekwisha kumwagiwa maziwa ya mgando, naye akaondoka na njaa yake. Hakulalamika. Lakini kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kitu chenyewe

Kanuni ya kwanza katika kazi yetu ni kukijua kitu kabla ya kukipa jina. Raita ya kawaida hutengenezwa hivi. Maziwa ya mgando, ambayo Wahindi huyaita dahi, hupigwa kwa mwiko au uma mpaka yawe laini yasiyo na mabonge. Hutiwa chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa pasipo mafuta kisha ikasagwa. Tango hukunwa, likakamuliwa maji, likachanganywa humo. Wengine huongeza kitunguu, nyanya, majani ya giligilani au nanaa. Chumvi aghalabu hutiwa wakati wa kuandaa, kwa kuwa ikitangulia huvuta maji ya tango na kuifanya raita iwe nyepesi. Hakuna kinachopikwa ila kile kinachokaangwa au kuchemshwa kando, kama viazi au bizari yenyewe. Chakula hiki hakiliwi peke yake. Huwekwa pembeni ya biriani, pilau, chapati au mchuzi mkali, na mlaji huchota kidogo kidogo.

Jina lake nalo lina historia. Kamusi za Kihindi huliunganisha neno raita na rai, yaani haradali. Hata leo watu wa Gujarati, ambao kwao chakula hiki huitwa raitu, hutengeneza aina ya ndizi mbivu iliyotiwa haradali ya kusagwa, nayo huchoma puani. Jambo hili linafaa kukumbukwa, maana chakula ambacho wengi wetu hukijua kwa sifa ya kupoza, asili ya jina lake inahusishwa na kiungo kinachochoma. Mfasiri anayetaka kukiita kwa sifa ya ubaridi peke yake huwa amekwisha kuliacha jina lenyewe nyuma.

Kachumbari ya maziwa

Tafsiri hii ndiyo iliyoenea kuliko nyingine, na kosa lake ni rahisi kulificha kwa sababu maneno yote mawili ni ya Kiswahili safi. Lakini tujiulize: kachumbari ni neno la wapi? Nalo limetoka huko huko India, ambako mchanganyiko wa vitunguu, nyanya na matango mabichi yaliyokatwakatwa na kutiwa ndimu huitwa kachumbar. Katika meza moja ya Kihindi kachumbari na raita huweza kuwekwa pamoja, kila moja katika bakuli lake, wala hakuna mlaji anayezichanganya. Kwa hiyo mfasiri anayeandika kachumbari ya maziwa hakuliepuka neno la kigeni kama alivyodhani. Ametumia neno moja la Kihindi kulifunika jingine.

Lipo kosa la pili lililo kubwa zaidi, nalo ni la kanuni. Jina lenye maneno mawili au matatu halidumu katika matumizi. Wasemaji hulipunguza, na kinachobaki ni lile neno la mwanzo. Ndivyo ilivyokuwa katika kadi za mkutano ule. Kila mtunga istilahi hana budi kujiuliza swali hili: jina langu likikatwa mkia, neno litakalobaki litasema kweli au uongo? Kachumbari ya maziwa ikikatwa mkia hubaki kachumbari, na kachumbari kwa Mswahili ni kitu kisicho na maziwa kabisa. Jina linaloweza kumpotosha mgonjwa, mpishi wa hospitali au msimamizi wa bweni si jina la kusanifiwa, hata likiwa tamu namna gani masikioni.

Mtindi, mgando na yogati

Tafsiri mbili kati ya nne zinatofautiana katika kulitaja ziwa lenyewe: moja inasema mtindi, nyingine yogati. Hapa tunakutana na msamiati wetu wenyewe ambao haujatulia.

Neno mtindi kwa maana yake ya zamani ni maziwa yaliyosukwasukwa yakatolewa siagi. Siku hizi watu wengi, hasa mijini, hulitumia kwa maziwa yoyote yaliyoganda. Wahindi wanavyo vitu hivyo viwili na wanayo majina mawili: dahi ni maziwa yaliyogandishwa, na chaas ni yale mepesi yaliyotolewa siagi au kuongezwa maji. Raita hutengenezwa kwa dahi. Mpishi wa rika la wazee akisoma saladi ya mtindi huenda akatumia yale mepesi, na atakachopata ni kinywaji chenye matango ndani yake.

Yogati nayo ina hatari ya namna nyingine. Katika maduka yetu neno hilo kwa watu wengi limekwisha kuwa jina la maziwa ya kopo yaliyotiwa sukari, rangi na harufu ya matunda. Mwalimu mmoja wa mapishi alinieleza kwamba alifuata kijitabu kilichoandikwa yogati ya mboga mbele ya wanafunzi wake. Akanunua yogati ya duka, akatia kitunguu, bizari na chumvi kama alivyoelekezwa. Wanafunzi walionja, wakatema, wakasema kwamba Wahindi hula vitu vya ajabu. Hapo ndipo tafsiri mbaya inapovuka mipaka ya jikoni. Wanafunzi hawakumlaumu mfasiri, maana hawakujua kwamba yupo. Waliwalaumu watu ambao wengi wao ni majirani zao na raia wenzao, kwa kosa ambalo watu hao hawakulifanya.

Kwa sababu hizo tunashauri kwamba katika maelezo ya mapishi itumike maziwa ya mgando, na pale panapohitajika uangalifu iongezwe: mazito, yasiyotiwa sukari. Maneno hayo hayana umbuji wowote, lakini hayatamharibia mtu chakula chake.

Baridi, moto na mwasho

Tafsiri ya tatu, mchuzi baridi, inatufikisha kwenye kiini cha uhakiki huu. Neno mchuzi tulitoe kwanza njiani. Mchuzi hupikwa, na raita haipikwi. Tena India kipo chakula kingine cha maziwa ya mgando na unga wa dengu ambacho hupikwa motoni kikawa mchuzi hasa, nacho huitwa kadhi. Tukiipa raita jina la mchuzi, hicho nacho tutakiitaje? Na tukikiita kwa jina lake bila ya kulieleza, msomaji wetu wa pwani atashangaa kuona kadhi akimiminwa juu ya wali.

Lakini tatizo kubwa ni neno baridi. Mfasiri alikuwa na maandishi ya Kiingereza mbele yake, nayo yalieleza kwamba chakula hiki hupoza. Akauliza kamusi, akapata baridi. Hakuuliza kinapoza nini. Ukweli ni kwamba hapo pana maana tatu, na kila moja yahitaji neno lake.

Maana ya kwanza ni joto la chakula kama linavyopimwa kwa kipimajoto. Raita huandaliwa ikiwa imepoa, na wengine huiweka katika jokofu kwa muda. Lakini raita iliyokaa mezani saa nzima bado ni raita.

Maana ya pili ni ile ya kinywa kilichowashwa na pilipili. Kiswahili hapa kina hazina ambayo mfasiri hakuiona. Sisi hatusemi kwamba pilipili ni ya moto. Twasema inawasha, au ni kali. Chakula cha moto ni kile kilichotoka jikoni sasa hivi. Kihindi nacho hutenganisha hivyo hivyo: garam ni ya moto, tikha ni kali. Kiingereza ndicho kinachotumia neno moja kwa mambo yote mawili. Kwa hiyo lugha mbili zenye kupambanua zimepitishwa katika daraja la lugha isiyopambanua, na mzigo umefika ng'ambo ukiwa umepungua. Laiti mfasiri angalimwuliza mpishi wa Kihindi, au angalijiuliza mwenyewe kwa Kiswahili, asingalipata baridi. Angalipata kutuliza mwasho.

Haki itendeke, Kiingereza nacho hakikubuni jambo hili hewani. Mwaka 1997 watafiti walioongozwa na David Julius, huko Marekani, walikitambua kipokezi cha mwilini kinachoamshwa na kapsaisini, yaani kile kitu kilichomo katika pilipili kinachowasha. Wakaona kwamba kipokezi hicho hicho huamshwa na joto kali la kweli, la kiasi cha nyuzi 43 za Selsiasi na zaidi. Julius alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Basi ulimi wenyewe hudanganyika, ukadhani unaungua. Lakini dawa ya udanganyifu huo si ubaridi tu. Kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji, ndiyo sababu anayewashwa hunywa bilauri nzima asipate nafuu ya kudumu. Huyeyuka katika mafuta, na protini ya maziwa iitwayo kaseini husaidia kuiondoa ulimini. Ni maziwa yanayotuliza, wala si jokofu. Mfasiri aliyeandika baridi ameitaja sifa iliyo ndogo na kuiacha ile inayofanya kazi.

Maana ya tatu ni ya tiba za jadi. India, kama katika pwani yetu, watu huvigawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi kwa kadiri vinavyoaminiwa kuutenda mwili, pasipo kujali kama vimetoka jikoni au mtungini. Katika nyumba nyingi za Kihindi maziwa ya mgando huhesabiwa kuwa ya baridi, hufaa siku za jua kali. Ajabu ni kwamba vitabu vya kale vya tiba ya Ayurveda, kikiwamo kile cha Charaka, huyaweka maziwa hayo katika fungu la vitu vya moto. Kama wenye chakula wenyewe wana kauli mbili, mfasiri ana haki gani ya kuitia mojawapo katika jina?

Kwa hiyo neno baridi halifai katika jina la chakula hiki. Kitenzi kupoza chaweza kutumika katika maelezo, mradi isemwe kinapoza nini: raita hupoza ulimi, au hutuliza ukali wa mchuzi.

Saladi, na upana wa maelezo

Tafsiri ya nne, saladi ya mtindi, ina kasoro ya upana. Tumekwisha kulisema neno mtindi. Tutazame jina zima. Maziwa ya mgando yaliyochanganywa na matango si mali ya Wahindi peke yao. Waturuki wana cacık, ambayo mara nyingi huongezwa maji. Wagiriki wana tzatziki, ambayo hutengenezwa kwa maziwa yaliyochujwa yakawa mazito na kutiwa kitunguu saumu. Na Wairani wana mast-o-khiar. Mfasiri akiviita vyote saladi ya mtindi, msomaji hatajua kama yuko Delhi au Athens. Maelezo yanaweza kuenea vitu vingi kwa pamoja, bali jina halina budi kukitenga kimoja na vingine.

Kinyume chake pia ni kweli, kwamba raita nayo ina matawi. Kusini mwa India yako mapishi ya jamaa yake yaitwayo pachadi. Lakini Watelugu hutumia neno pachadi hata kwa chatini za kusaga zisizo na maziwa ya mgando, kwa hiyo isifasiriwe raita kila inapoonekana. Mfasiri aangalie kwanza kama maziwa yamo. Iko pia raita inayotiwa vitone vya unga wa dengu vilivyokaangwa, ambavyo kwa Kihindi huitwa boondi. Tukilifuata neno hilo kwa tahajia yetu tutapata raita ya bundi, na sina haja ya kueleza jinsi Mswahili atakavyomtazama mwenyeji anayemwandalia ndege huyo mezani. Hapa ndipo maelezo yanapofaa kuliko kukopa: iandikwe raita ya vitone vya dengu. Twajifunza kwamba kukopa si kanuni ya kufuatwa kwa upofu, kama vile kutafsiri kusivyokuwa. Kila neno hupimwa kwa matokeo yake.

Pendekezo

Watakuwapo watakaosema kwamba kukubali raita ni kuongeza neno la kigeni katika lugha yetu ya Taifa. Tunawaomba watazame sahani zao. Chapati, bajia, achari, chatini na hiyo kachumbari yenyewe zilifika kwetu na majina yake, na hakuna mama lishe anayejiona amesaliti Kiswahili anapoziuza. Katika miji yetu ya pwani raita imekaa kando ya biriani kwa muda mrefu. Waandazi huitaja, walaji huiagiza. Aliyekuwa bado hajaikubali ni mfasiri.

Kwa upande wa matamshi neno hili halina taabu. Silabi zake zote ni wazi, ra-i-ta, na mkazo huangukia ile ya pili toka mwisho, kama katika taifa. Lifuate ngeli ya chapati na achari: raita hii, raita hizi, raita ya matango, raita ya nanasi. Tunapendekeza lifafanuliwe hivi:

raita nm [i-/zi-] chakula cha kando chenye asili ya India, cha maziwa ya mgando yaliyopigwa yakalainika na kutiwa chumvi na viungo, pamoja na mboga, matunda au vitone vya unga wa dengu. Huliwa pamoja na wali, mikate au michuzi ili kutuliza ukali.

Tumesema chakula cha kando kwa makusudi, hatukusema kitoweo. Kitoweo ndicho kinachofanya wali au ugali uliwe, kama samaki, nyama au maharage. Raita huja wakati wali umekwisha kupata kitoweo chake. Kama wasomaji wanalo neno moja zuri zaidi kwa chakula cha namna hiyo, linalotumika kweli mahali wanapoishi, tutashukuru kuletewa.

Lililobaki ni la tabia ya kazi yetu. Wahenga waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashia nini? Methali hiyo huambiwa mwenye kujiingiza katika yasiyomhusu, lakini yatufaa sisi kwa maana nyingine. Pilipili asiyoila mfasiri haimwashi, na kwa kuwa haimwashi, hajui raita ni ya nini. Ndipo anapoandika baridi akaendelea na ukurasa unaofuata. Mimi nilifanya vivyo hivyo na kachumbari yangu. Ningalitoka ofisini kwa dakika chache nikamwuliza mpishi wa Kihindi aliye mtaa wa pili, mjumbe yule angalikula. Kuuliza si ujinga, na kwa mtunga istilahi kuuliza ndiyo kazi yenyewe.

Pendekezo hili likikubaliwa na kuingizwa katika kamusi, raita itapata makao katika herufi ya R, hatua chache tu baada ya neno raia. Hapo ni mahali pake.